Mjadala wa wakati wa korona: Mwezi wa kwanza baada ya vizuizi kulegezwa, bendi zirudi ndani ya kumbi au zipige nje kwanza?

Zulia la Jukwaa
Wadau, vizuizi vya korona vimelegezwa na kila ukumbi unataka kufungua milango usiku uleule. Nauliza: mwezi huu wa kwanza bendi ziingie ndani, au zipige nje hadi hali ieleweke?

Msimamo wangu ni nje. Ugonjwa huu unasafiri kwa chembe ndogo zinazoelea kama moshi wa sigara. Nje moshi unapotea, chumbani unajaa. Mnakumbuka kwaya ya Skagit Valley kule jimbo la Washington, Marekani, 10 Machi 2020: watu 61 walifanya mazoezi muda wa saa mbili na nusu, 53 wakaugua, wawili wakafariki.

Atakayelazimika kuingia ndani ahesabu hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwezi Machi 2021 lilitaja lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Watu 300 ni lita 3,000 kwa sekunde. Feni ya dari haimo kwenye hesabu hiyo, maana inazungusha hewa ileile. Na maiki zipuliziwe dawa kila mwimbaji anaposhuka jukwaani.

Mlango wa Nyuma
Mleta mada, "nje" si hirizi. Julai 2021 pale Utrecht, Uholanzi, tamasha la Verknipt lilifanyika nje, watu kama 20,000 kwa siku mbili, na maambukizi yaliyohusishwa nalo yakapita 1,000. Kosa lilikuwa mlangoni: kipimo cha hadi saa 40 zilizopita kilikubaliwa. Mtu anapima asubuhi, usiku anazurura, kesho yake jioni anaingia akiwa ameshaambukizwa na cheti kinasema yuko salama.

Sasa geuza upande wa pili. Barcelona, 27 Machi 2021, watu 5,000 ndani ya Palau Sant Jordi wamesimama bega kwa bega. Walipimwa kipimo cha haraka siku hiyohiyo, wote walivaa barakoa za FFP2 (zile nzito zinazochuja chembe ndogo), na hewa ya ukumbi iliongezwa. Siku 14 baadaye walipatikana wagonjwa sita, na wanne kati yao ilionekana hawakuambukizwa pale. Suala ni utaratibu, paa halina hatia.

Fundi Mawimbi
Nani amesema maiki zipuliziwe dawa? Mnaua vifaa vya watu kwa ushauri wa namna hii!

Ukipuliza, maji yanapita kwenye wavu, yanalowesha sponji, yanatua kwenye kiwambo, ule utando unaonasa sauti. Maiki ya dainamiki, ile ngumu ya jukwaani, itaanza kufifia kwenye sauti nyembamba. Ya kondensa, ile laini inayohitaji umeme, itakwaruza kisha itanyamaza kabisa. Dawa ya klorini ndiyo mbaya zaidi: inakula chuma na rangi, na mwimbaji anayefuata anaivuta puani.

Njia sahihi kwa dainamiki: shika mwili wa maiki ukiielekeza chini, fungua kichwa cha wavu, toa sponji ya ndani kama inatoka. Wavu na sponji vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, sugua kwa mswaki mlaini, suuza. Viache vikauke kabisa ndipo ufunge, na sponji inaweza kuchukua usiku mzima kukauka. Mwili wa maiki pangusa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti ya asilimia 70, kitambaa kiwe na unyevu, kisidondoshe tone. Kapsuli, sehemu ya ndani yenye kile kiwambo, usiiguse.

Zulia la Jukwaa
Fundi, sijasema mmwage ndoo. Lakini virusi vinakaa siku tatu kwenye plastiki, hilo lilipimwa. Mwimbaji anaibusu maiki, wa pili anakuja kuibusu hiyohiyo. Tuiache tu?

Fundi Mawimbi
Saa 72 kwenye plastiki na chuma cha pua ni kipimo cha maabara cha Machi 2020, na hata humo maabara kiasi kilikuwa kinashuka saa hadi saa. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliandika Aprili 2021 kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Hatari kubwa iko kwenye pumzi.

Bado nakubali maiki isishirikiwe. Dawa yake ni kila mwimbaji kuwa na yake usiku mzima, yenye utepe wa rangi: nyekundu ya mwimbaji mkuu, bluu ya wa pili, njano ya mshereheshaji. Hakuna kupuliza.

Daftari la Mapato
Nakazia utepe wa rangi. Ila mshereheshaji ndiye anayeharibu. Kila akipanda anampa maiki mgeni wa heshima, kisha bwana harusi, kisha shabiki wa mstari wa mbele. Mpango mzima unafia hapo.

Sauti ya Nne
Mnazunguka. Mwezi huu mmoja tuache waimbaji nyumbani. Bendi zipige ala tupu, watu wacheze. Waimbaji ndio mabomba ya ugonjwa, hiyo kwaya mliyoitaja ni ushahidi tosha.

Mama Kiitikio
Mabomba ya ugonjwa? Tuheshimiane, ndugu yangu.

Watafiti wa Bristol, Uingereza, walilipima jambo hili mwaka 2020. Kuimba na kuzungumza kwa ukubwa uleule wa sauti havitofautiani sana katika chembe zinazotoka. Kinachobadilisha ni ukubwa wa sauti: kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, uzito wa chembe unapanda hata mara 20 hadi 30. Hiyo ni kwa mtu yeyote mwenye mdomo. Mashabiki 300 wanaopigiana kelele masikioni kushinda spika wanatoa chembe kuliko waimbaji watatu walioko mita nne mbele. Umewafukuza watatu ukawaacha 300.

Ile kwaya pia, soma vizuri. Watu walikaa viti vilivyokaribiana, wakagawana vitafunwa, muda wa saa mbili na nusu ndani. Ondoa kuimba uweke mkutano wa kelele, hatari inabaki.

Na kama unataka kweli kuhesabu mate, anza na tarumbeta. Kuna mtu anafungua kivalvu na kumwaga maji sakafuni kila baada ya nyimbo mbili na hakuna anayemwita bomba.

Pumzi Ndefu
Mama Kiitikio, ulikuwa unaeleza vizuri mpaka hapo. Yale si mate kama unavyodhani. Sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliopoa kwenye bomba la shaba ukageuka maji. Hata hivyo ni pumzi ya mtu, kwa hiyo yasimwagwe sakafuni. Kila mpulizaji awe na kopo lenye kifuniko au taulo nene miguuni, na alizoe yeye mwenyewe mwisho wa kazi, asimwachie mfagiaji.

Ala hazifanani. Tarumbeta na tromboni zinatoa hewa kwa mdomo wa mbele, ukiufunika kwa kitambaa kizito cha tabaka mbili unapunguza chembe, na unapoteza ukali kidogo kwenye noti za juu. Saksafoni na klarineti zinavuja kwenye matundu pia, kwa hiyo kifuniko cha mbele ni nusu ya kazi. Filimbi ya ubavu ndiyo ngumu: nusu ya pumzi inapita juu ya tundu moja kwa moja kwenda mbele. Mpigaji wa filimbi akae pembeni mwa jukwaa, mbele yake pasiwe na mtu.

Mama Kiitikio
Nimekuelewa na ninakubali kuhusu mvuke. Lakini aliyeniudhi hajajibu.

Sauti ya Nne
Nimejibu kwa kunyamaza nisome. Neno "mabomba" nalifuta. Hoja ya kupunguza hatari naibakiza. Kama shida ni kelele za mashabiki, basi waimbaji si wa kulaumiwa, wa kulaumiwa ni fundi anayefungua sauti mpaka watu wasisikizane.

Fundi Mawimbi
Sasa mmehamia kwangu. Sawa, hili nalijibu kwa moyo mmoja kwa sababu hapa una hoja.

Ukumbi ukifika desibeli 95 hadi 100, mtu hawezi kuzungumza na jirani bila kumkaribia sikioni na kupaza sauti. Ukaribu umeongezeka, na pumzi imeongezeka. Lakini sauti haipungui kwa kuvuta vishikio chini tu, kwa sababu dramu mbichi kwenye chumba kidogo zinapita hapo bila spika yoyote. Anza jukwaani: vijiti vyepesi au vya nyuzi, mfuniko wa kitambaa kwenye ngoma ya besi, amplifaya za gitaa zielekezwe kando badala ya kumpiga shabiki kifuani, monita (spika za wanamuziki wenyewe jukwaani) zishushwe. Jukwaa likitulia ndipo spika kubwa zinashuka.

La pili, acheni kuweka spika mbili kubwa mbele na kutegemea zifike nyuma. Weka mbele za kiasi, kisha jozi ndogo katikati ya ukumbi. Mita 20 kutoka jukwaani sauti inachelewa kama milisekunde 59, kwa hiyo spika za katikati zicheleweshwe hizo 59, uongeze kama 10 ili sikio liendelee kuamini sauti inatoka jukwaani. Usipozichelewesha, watu watasikia maneno mara mbili na watakuomba uongeze sauti. Ndipo kelele inapoanza upya.

Na vile vioo vya plastiki mbele ya mwimbaji, viondoeni. Vinazuia matone makubwa tu. Chembe ndogo zinapita pembeni, mzunguko wa hewa unazibwa, halafu sauti inagonga kioo na kurudi kwenye maiki, unaanza mlio.

Zulia la Jukwaa
Wadau, turudi kwenye mada. Ndani au nje?

Daftari la Mapato
Mada ni hii hii. Nje ina gharama zake hamzitaji. Bila kuta, besi inakimbia. Umbali ukiongezeka mara mbili desibeli 6 zinapotea, kwa hiyo unahitaji spika zaidi na jenereta. Upepo unaingia kwenye maiki. Mvua ikinyesha mnashusha turubai pande zote, na hapo hamko nje tena. Hema lenye kuta tatu ni ukumbi wenye dari duni.

Ndani kwa nusu ya watu, bendi inalipwa kamili, umeme kamili, walinzi kamili. Njia inayoweza kubeba hesabu ni maonyesho mawili mafupi usiku mmoja, dakika 50 kila moja, watu nusu na nusu. Kati yake robo saa mnafungua madirisha, wa pili wanaingia.

Mlango wa Nyuma
Robo saa haitoshi, hapo umechemka. Hewa ikibadilishwa mara 6 kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya chembe kunachukua dakika 46, na asilimia 99.9 dakika 69. Ukifika mara 12 kwa saa ndipo unashuka dakika 23 na 35. Kwa hiyo pengo liwe saa nzima, au ongeza feni za kutoa hewa nje. Ziwekwe upande mmoja na madirisha ya kuingiza upande wa pili, hewa ivuke ukumbi. Feni ya kutoa ikiwekwa jirani na dirisha la kuingiza, inavuta hewa ya dirisha hilo tu na watu wa katikati hawapati kitu.

Nunueni kipima kaboni dioksaidi, gesi tunayotoa tukipumua; ikipanda, hewa safi haitoshi. Nje kinasoma kama 400, yaani sehemu 400 kwa milioni ya hewa. Kwa zile lita 10 kwa sekunde, watu waliokaa watakifikisha karibu 900. Wakianza kucheza kitapanda zaidi kwa hewa ileile, kwa kuwa mwili unaofanya kazi unapumua zaidi. Kikipita 1,500, simamisha muziki, fungua kila kitu. Kisitundikwe mlangoni wala karibu na uso wa mtu, kiwe katikati ya ukumbi.

Pumzi Ndefu
Ongeza hili: mwenye mashine za kuchuja hewa asidanganyike na kipima hicho. Chujio la HEPA, lile laini sana la mashine hizo, linanasa chembe asilimia 99.97 lakini gesi linaiachia. Namba itabaki juu ingawa chembe zimepungua. Na mashine zenyewe zinanguruma, zikiwa nyuma ya waimbaji, maiki zinaokota ngurumo hiyo wimbo mzima.

Daftari la Mapato
Saa nzima ya pengo maana yake onyesho la pili linaanza usiku mno. Mimi hapo sina jibu. Ila rudini kwenye utepe wa rangi: maiki nane badala ya tatu, nani ananunua? Ukumbi au bendi?

Mama Kiitikio
Mwimbaji aje na yake. Mpiga gitaa haazimi gitaa la ukumbi.

Sauti ya Nne
Mwimbaji wa kiitikio anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja, baada ya mwaka mzima bila kazi, unamwambia anunue maiki? Ukumbi ununue.

Fundi Mawimbi
Ukumbi ukinunua utanunua za bei ya chini, nane za aina nane, na kila moja italia kwenye masafa yake. Nitatumia mazoezi yote kuzima milio.

Kuna njia ya kati. Ukumbi ununue maiki za aina moja, kila mwimbaji anunue kichwa cha wavu na sponji yake. Hiyo ndiyo sehemu inayogusa mdomo, inafunguka kwa mkono, na anaondoka nayo kwenye mfuko kwenda kuiosha. Anayebadilisha wavu kati ya nyimbo nimzimie maiki kwanza, la sivyo spika zinapata mshindo.

Mama Kiitikio
Wavu zote zinaingiliana?

Fundi Mawimbi
Hapana. Hesi zinatofautiana kati ya modeli na modeli, hata za mtengenezaji mmoja. Ndiyo maana nimesema aina moja. Ukumbi utangaze modeli kabla ya mwezi kuanza, mtu asije na wavu usiofunga.