Pini za memori kadi na adapta: raba, spiriti au spirei?

Picha_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za harusi. Kadi zangu za microSD, nikizitia kwenye adapta kisha kwenye rida (kisoma kadi cha kompyuta), mara zinasoma mara hazisomi. Nikisukuma adapta kwa kidole, zinarudi. Wapo wanaoniambia nisugue pini kwa raba ya shule, wengine nifute kwa spiriti, wengine ninunue spirei ya kusafishia kontakti. Ipi haitaharibu kadi? Kazi za watu zimo humo.

fundi_makorora
Nakili kazi za watu pengine kwanza, mkuu, kabla hujagusa chochote.

Raba iache kabisa. Pini zimepakwa dhahabu nyembamba mno juu ya nikeli. Raba inakwangua: leo zitang'aa, lakini dhahabu inaondoka kidogo kidogo, na chumvi ya hewa ya pwani ikikutana na madini ya chini yake, hapo ndipo kutu inapoanza. Dhahabu yenyewe haishiki kutu. Ule weusi unaouona kwa kawaida ni jasho, mafuta ya vidole na vumbi, vitu vinavyotoka kwa kufuta tu. Tumia isopropanoli (aina ya spiriti) ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, ufute kufuata urefu wa pini, kisha iache ikauke.

BintiLamu
Huku famasi tunapata ya asilimia 70 tu. Yafaa?

fundi_makorora
Yafaa kwa kadi, dada. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, basi iache ikauke muda mrefu zaidi. Ila soma chupa: spiriti nyingine za famasi zimetiwa mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, na hayo yatabaki kwenye pini. Thina usiiguse, inakula plastiki.

Saketi_Kkoo
Kwenye kadi nakubaliana na fundi. Kwenye rida, spirei inashinda, kwa sababu kitambaa hakifiki zilipo springi, vile vyuma vya ndani vinavyobana pini za kadi. Chomoa rida kwenye kompyuta, puliza kidogo, chomeka na kuchomoa kadi ya zamani mara chache ili zisuguane, halafu subiri ikauke. Chagua spirei inayokauka bila kuacha mafuta; zile za kulegeza nati zilizoshika kutu zinaacha utando unaokusanya vumbi.

Lakini mkuu Picha, ukisukuma ikarudi, mimi nashuku springi zilizolegea kuliko uchafu. Ndani ya adapta hakuna chipu, ni vipande vya chuma tu vinavyounganisha pini 8 za kadi ndogo na 9 za SD. Kwa hiyo umeme unavuka maungio mawili, na moja likilegea hakuna dawa ya kulisafisha. Jaribu kadi ileile kwa adapta nyingine. Ikisoma vizuri, ile ya zamani tupa, bei yake ni ndogo mno kuhatarishia harusi ya mtu.

Picha_Tanga
Nimeazima adapta ya jirani, inasoma bila kusukumwa. Ila sasa kompyuta inasema kadi imefungwa, haiandikiki.

Saketi_Kkoo
Tazama kitelezi cha pembeni mwa hiyo adapta. Hakijaungana na umeme wowote. Rida ndiyo inayohisi kilipo. Kikilegea, kinashuka chenyewe unapochomeka. Kipandishe juu, ukibandike utepe mwembamba kisishuke.