Nyumba ya Kiswahili Majengo, "bila ardhi": nitoe arubuni au ningoje?

Mama Rayyan

Asalaam aleikum. Naomba msaada wa wanaojua sheria za nyumba hapa Mombasa. Mimi na mume wangu tumepanga Tudor kwa muda mrefu, na sasa tumepata nyumba ya Kiswahili Majengo. Vyumba sita, ukumbi katikati, uwani kuna kisima na jiko. Bei ni shilingi milioni 2.8. Mwenye nyumba alifariki akaacha mke, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Anayeuza ni yule mkubwa wa kiume. Asema mama yao na ndugu zake wote wameridhia, ila dada mmoja yuko Muscat.

Dalali atwambia nyumba yauzwa bila ardhi, na kwamba Majengo hilo ni jambo la kawaida. Ataka arubuni ya laki tatu kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine. Nilipoomba kuona hati miliki nilionyeshwa karatasi ya zamani ya mauziano, ile aliyonunulia marehemu, pamoja na risiti za kodi ya kiwanja. Je, hizo zatosha? Na nikishanunua, hati itatoka kwa jina langu?

Karani wa Makadara

Waaleikum salaam dada. Mimi ni karani wa wakili hapa mjini, nimeandika hati za mauziano miaka mingi, na nyingi zilikuwa za nyumba kama hiyo. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lililobeba mengine. Hati haitatoka kwa jina lako. Nyumba bila ardhi haina hati miliki. Hati ni ya kiwanja, na kiwanja kina mwenyewe. Marehemu alikuwa na kuta, paa, na ruhusa ya kukaa pale maadamu analipa kodi ya kiwanja. Hicho ndicho wanawe wanachoweza kukuuzia, na hakizidi hapo.

Dalali hakukudanganya aliposema ni kawaida. Pwani yetu imeishi hivyo tangu zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi katika ukanda uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waliopeleka madai yao yakakubaliwa walipata hati, na wengine wakaendelea kujenga juu ya viwanja vya wenye hati kwa makubaliano ya kulipa kodi. Nyumba zikauzwa, zikarithiwa, zikabadilisha mikono, na ardhi ikabaki kwa familia ile ile. Kwa hiyo ukienda ofisi ya ardhi kufanya sachi ya kiwanja hicho, yaani kuangalia kilivyoandikwa kwenye daftari la ardhi, jina utakalolikuta ni la mwenye ardhi. La marehemu halimo.

Na sachi hiyo uifanye. Watu wengi wanaonunua nyumba bila ardhi huiona haina maana, kwa kuwa wao hawanunui kiwanja. Mimi naiona ina maana kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiyo itakayokwambia ni nani hasa mwenye kiwanja, kama kimewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mahakama. Nimeona risiti za kodi zinazotolewa na mtu ambaye hana uhusiano wowote na jina lililo kwenye daftari. Ulinganishe risiti ulizoonyeshwa na sachi kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha mtafute mwenye ardhi mwenyewe, au wakala wake anayekusanya kodi. Usikubali dalali akwambie "huyo hana neno". Muulize je, anaridhia nyumba iuzwe? Marehemu alikuwa na deni la kodi? Wewe utalipa kiasi gani, na kitapanda lini? Akikuruhusu, ni kukarabati tu au hata kuongeza ghorofa? Hili la ghorofa limevunja watu wengi: wamenunua wakiwa na ndoto ya kupangisha juu, wakaambiwa mkataba wa kiwanja ni wa nyumba ya chini peke yake. Na la mwisho, zito kuliko yote: akiuza ardhi, itakuwaje? Mwenye ardhi mpya anaweza kukutaka uondoke. Omba iandikwe kwamba akitaka kuuza atakuuliza wewe kwanza, na kwamba utapewa muda wa kutosha na fidia ya jengo. Wengine watakataa kuandika. Akikataa, bei ya milioni 2.8 ni kubwa mno kwa maoni yangu, hata nyumba iwe nzuri vipi. Kumbuka pia kwamba benki haitaichukua nyumba hiyo kuwa rehani kama inavyochukua hati miliki.

Mama Rayyan

Shukran sana. Hili la mwenye ardhi sikuwa nimelifikiria kabisa. Na upande wa urithi? Huyu kijana ana karatasi ya chifu inayosema yeye ndiye mkubwa wa familia.

Karani wa Makadara

Barua ya chifu huwataja warithi ni kina nani. Haimpi yeyote mamlaka ya kuuza. Kwa Sheria ya Mirathi, kifungu cha 45, kushika au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa, na mtu anaweza kufungwa. Kijana huyu pengine hana nia mbaya, lakini ukimpa pesa leo umenunua kwa mtu asiye na uwezo wa kuuza.

Kwa kuwa ni familia ya Waislamu, waende Mahakama ya Kadhi. Katiba, ibara ya 170, imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Kadhi atawathibitisha warithi na mafungu yao. Nikupigie hesabu ili uone kwa nini kila sahihi ina thamani. Kama wazazi wa marehemu hawako hai na hakuna deni wala wasia, mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, shilingi 350,000 katika hizo milioni 2.8. Zinabaki 2,450,000. Kila mtoto wa kiume apata 612,500 na kila wa kike 306,250. Huyo dada wa Muscat ana haki ya zaidi ya laki tatu. Siku akirudi aseme hakuuza fungu lake, atakukuta wewe ndani ya nyumba. Kaka yake atakuwa ameshatumia pesa.

Kuwa kwake Muscat si kikwazo. Atie sahihi hati ya uwakili mbele ya ubalozi wetu kule au mbele ya notari, iletwe hapa isajiliwe, na mtu aliyemchagua atie sahihi kwa niaba yake. Ujumbe wa WhatsApp wa "nimekubali" hautoshi.

Arubuni, usitume kwa dalali. Asilimia kumi ndiyo mazoea, hivyo laki tatu imezidi kidogo, lakini kiasi si tatizo kubwa kama pale inapokwenda. Iingie kwenye akaunti ya wateja ya wakili, baada ya mkataba kutiwa sahihi, na mkataba useme wazi itarudishwa iwapo warithi watashindwa kuleta idhini ya Kadhi au barua ya mwenye ardhi. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), yataka mauziano ya ardhi na haki zake yawe kwa maandishi, wahusika wote watie sahihi, na shahidi aliyekuwapo athibitishe. Mambo ya kukabidhiana mbele ya mzee wa mtaa ni mazuri kwa ujirani, ila mahakamani yatakuacha mikono mitupu.

Bint wa Mji wa Kale

Naongeza moja tu: uliza kama kiwanja ni cha wakfu, yaani kilichotolewa daima kwa ajili ya dini, hisani au familia. Mombasa kuna viwanja vingi vya wakfu, vingine vya misikiti, vingine vya familia, na ardhi ya wakfu haiuzwi. Ukikuta ni wakfu, mazungumzo ya kununua kiwanja siku za mbele yafute kabisa, na kodi yako ujue yaenda kwa nani na kwa kazi gani.

Abuu wa Nyali

Watu wasisome haya wakadhani mwenye hati miliki amelala salama. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha hapa kwetu Nyali, karibu na bahari. Kampuni ilikuwa na hati mkononi. Mahakama ikasema mgao wa kwanza kabisa wa ardhi ile haukufuata sheria, ilikuwa ardhi ya umma, basi hati haikumlinda mnunuzi. Kwa hiyo sachi ya jina la leo haitoshi. Fuata hati nyuma hadi ilikotoka.

Mimi nauza nyumba yenye hati na nimejifunza gharama zake: mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mjini, nami muuzaji nalipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Aliyeishi mwenyewe ndani ya nyumba miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, na hili madalali hawalisemi.

Mama Rayyan

Nimempigia dalali nikamwomba jina la mwenye ardhi. Alikasirika, akasema nachelewesha biashara ya watu. Lakini mjane mwenyewe nimezungumza naye, mama mpole sana, na amenipa namba ya wakala wa kodi. Amesema hakuambiwa kabisa kwamba kuna arubuni. Swali langu la mwisho: muuzaji asema tutumie wakili wake ili tupunguze gharama. Inafaa?

Karani wa Makadara

Haifai dada. Wakili wa muuzaji humtetea muuzaji. Tafuta wako, na kabla ya kumlipa angalia jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu. Na huyo mjane, mshike vizuri. Mwombe awaite wanawe wote mkutane nyumbani kwake bila dalali, umwulize kila mmoja mbele ya mwenzake kama anauza. Ijumaa ya dalali iache ipite.