MREJESHO: Mitego kwenye gemu letu la mezani

Wakuu, heshima zenu. Niliuliza niendesheje mitego kwenye Dungeons & Dragons (gemu la kusimulia: mimi natunga mahali na hatari, wachezaji wanaigiza wahusika, dadu zinaamua matokeo) bila wachezaji kuona wanaonewa, maana vijana wangu hapa Dodoma walifikia kupapasa kila jiwe kwa fimbo na jioni inaisha hatujatoka ukumbi wa kwanza. Wengi mlisema: dalili itangulie, mtego ufuate.

Nimejaribu. Nilitunga pango la kufanana na yale ya michoro ya Kolo, Kondoa. Nikawaambia vumbi jekundu limetanda kote, ila mbele ya mchoro wa twiga pamefagiliwa. Kimya. Mmoja akamwaga maji ya kibuyu chake, yakazama kwa mstari ulionyooka. "Hapo ni mfuniko wa shimo!" Wakalaza gogo, wakavuka, hakuna aliyegusa dadu. Nani angewanyima?

Suala la umakini (uwezo wa mhusika kugundua kilichofichwa) nalo limetulia: nachukua 10 najumlisha nyongeza ya umakini ya kila mhusika, naandika pembeni kabla hatujaanza. Siwaitishi tena kurusha dadu ovyo, kitu kilichokuwa kinawashtua bure.

Aliyeshauri nifute mitego yote, hapana mkuu. Mmoja alikimbia gizani akatumbukia shimo la mita 6, dadu mbili za pande 6 za kuhesabu majeraha zikamla vizuri. Hakulalamika, akaomba kamba.

Kilichobaki ni mitego katikati ya pambano. Mwenye uzoefu, kwenye mpangilio wa zamu za wanaopigana, zamu ya mtego mnaiweka wapi?