Oili ya injini: elfu tano au elfu kumi na tano?

Mwanzisha mada, Nakuru: Fundi wangu hubandika kikaratasi kwenye kioo: rudi baada ya kilomita 5,000. Lakini Toyota kule Japani huandika 15,000 au mwaka mmoja kwa magari mengi ya petroli yasiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Mimi naona tunaliwa pesa. Mnasemaje?

Fundi, mtaa wa Shabab, Nakuru: Kitabu cha gari ukisome hadi mwisho, bosi. Hichohicho kinakata nusu, 7,500 au miezi 6, kwa gari la mazingira magumu: vumbi, milima, safari fupifupi, kuunguruma mahali pamoja. Sasa niambie barabara yako ya kwenda shambani ni ya lami.

Dereva wa matatu, Kisumu: Kilomita pekee hazisemi kitu. Gari langu huzimwa usiku tu, injini ni moto kutwa. Mwalimu anayeendesha dakika tano kwenda shule ndiye anayeua oili. Injini haijapata joto, petroli isiyoungua inateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unyevu haukauki. Halafu anajisifu kwamba gari lake halitembei!

Bodaboda, Kondele, Kisumu: Omera, nyinyi mna lita nne na filta. Pikipiki yangu ina lita moja tu, na hiyohiyo inalainisha gia na klachi. Nikingoja elfu tano si injini itanoki, ife kabisa?

Mwanzisha mada: Yako ni kesi nyingine, nakubali. Lakini yangu ikifika elfu sita bado si nyeusi sana.

Fundi, Shabab: Rangi achana nayo. Oili nzuri hubeba masizi, ndiyo kazi yake. Ya dizeli hugeuka nyeusi mara tu baada ya sevisi. Na nikwambie ukweli ambao haunipi biashara: injini nyingi ninazofungua hazikuuawa na oili kuukuu. Zilikaukiwa. Mtu anangoja taa nyekundu, na ile taa hupima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka, beringi tayari zinasagana.

Dereva wa matatu, Kisumu: Hapo sawa. Ila usisahau oili bandia, kopo jipya na ndani uchafu. Hiyo hata ukibadilisha kila elfu mbili ni kazi bure.

Mwanzisha mada: Basi nitakwenda na 7,500, kijiti cha kupimia oili nichomoe kila Jumamosi injini ikiwa baridi. Elfu tano bado sijashawishika.

Fundi, Shabab: Na filta? Au hiyo utaifua?