Ndege ya Aspen imegeuka tukiwa karibu kugusa lami. Jumamosi nipande tena?

BintiWaLushoto:
Wakuu, habari za majukumu. Nimepata kazi ya msimu Aspen, Colorado, udobi wa hoteli, naanza Jumatatu saa moja asubuhi. Jana nimepanda kile kindege chembamba kutoka Denver. Milima ikawa inapita ubavuni, siyo chini yetu! Nikaona barabara, nikaona basi linatembea, magurudumu yameshashuka. Mara injini zikanguruma, tukapanda juu ghafla, safari ikaishia tulikotoka. Bibi wa kiti cha jirani hata hakuacha kufuma. Ndiyo kawaida yao? Nimepewa nafasi Jumamosi jioni. Niende nayo, au nishukie uwanja wa Eagle nimalizie kwa gari?

MpakiaMizigo:
Pole dada. Nimepakia mizigo pale misimu mitatu ya baridi, na nakwambia rubani wako hakukosea. Uwanja uko futi 7,800 na ushei juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde, na upande wa kusini milima imeziba. Kwa hiyo ndege karibu zote zinaingia zikielekea mjini, na zikiruka zinatokea kulekule zilikoingilia. Nyumba ya mlango mmoja. Upepo wa mgongoni ukizidi, au wingu likishuka rubani asiione njia, anapanda mapema, bonde lisije likambana. Na kwa kuwa anayetua na anayeruka wanatazamana, lazima mmoja amsubiri mwenzake, ndiyo maana theluji ikianza kuanguka foleni inafika hadi Denver.

Badilisha tiketi iwe ya asubuhi. Ya asubuhi ikigeuka, unaomba ya mchana. Ya jioni ikigeuka umelala Denver, maana ikifika saa tano usiku hakuna kutua Aspen.

Nguo za kazi na buti beba mkononi. Hewa ya kule ni nyepesi, ndege ikionekana nzito kinachobaki ni mabegi. Nimeshayashusha kwa mikono yangu mwenyewe, abiria ananitazama dirishani, na mimi najifanya nakagua lebo.

Dereva_wa_Aurora:
Eagle siyo mbaya, ndege kubwa zinatua pale, na tiketi mara nyingi ni nafuu. Ila kutoka pale hadi Aspen ni kama maili 70, na unapita korongo la Glenwood. Barabara ikifungwa pale, umekwama na tiketi yako ya nafuu. Ramani ya simu ikikuonyesha Independence Pass, ile barabara ya juu mlimani, usiifuate, majira haya ya baridi imefungwa. Mimi ningepanda treni ya Amtrak kutoka Denver hadi Glenwood Springs, halafu basi la kupandisha Aspen. Siku nzima inaisha, lakini unafika.

Kijana_Mbishi:
Si wapanue tu uwanja, matajiri wote wale?

MpakiaMizigo:
Mdogo wangu, huo ugomvi una umri wa miaka mingi. Njia yenyewe ya kutulia na kurukia ndege ina upana wa futi 100, na ndege yenye mabawa yanayozidi futi 95 kutoka ncha hadi ncha hairuhusiwi. Wenyeji wengine wanapenda ibaki hivyohivyo.

Dada, kabla hamjaruka ukiona gari linaimwagia ndege maji ya rangi ya chungwa, kisha ute wa kijani, tulia. Ya kwanza inaondoa barafu kwenye mabawa, ya pili inazuia nyingine isigande.

BintiWaLushoto:
Asanteni sana. Nimepata ya Jumamosi saa mbili asubuhi, wamenibadilishia bila kuongeza hela. Nina mabegi mawili: moja la nguo, jingine lina unga na dagaa niliowanunua Aurora, hapa jirani na Denver. Lipi nibebe mkononi?

MpakiaMizigo:
Nguo. Dagaa wakibaki Denver siku mbili, sisi tutajua begi ni la nani bila kusoma lebo. Na ukitoka nje ya uwanja usipande teksi, basi la kwenda mjini ni bure.

BintiWaLushoto:
😂😂 Dagaa nawafunga mifuko mitatu.