Tairi lililotumika lenye uvimbe ubavuni: je, litanifikisha Voi?

Mkaazi wa Kisauni:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Wiki iliyopita nilinunua matairi mawili yaliyotumika, na kwa kuwa mifereji yake ilikuwa bado mirefu, niliyafunga mbele bila kuyachunguza sana. Jana nilipokuwa nikiosha gari niliona tairi la kushoto lina uvimbe ubavuni, mkubwa kama nusu ya ndimu, na kando yake mkato mfupi. Upepo haupungui hata kidogo. Muuzaji asema ni kasoro ya sura tu, na fundi wa pancha yuko tayari kulitia kiraka kwa ndani. Ijumaa nina safari ya Voi, kiasi cha kilomita 150, pamoja na mama na watoto.

Fundi wa Changamwe:
Ndugu, usilitumie hata kwa kwenda Kongowea. Kinachokudanganya ni huo upepo usiopungua. Mzigo wa gari hubebwa na nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, na uvimbe ni alama kwamba baadhi yake zimekatika, aghalabu baada ya ubavu kubanwa baina ya shimo la barabarani na rimu. Tabaka la ndani lingali linazuia hewa, kwa hivyo geji haitakuonya. Lakini kila gurudumu linapozunguka, ubavu hukunjwa na kunyooshwa, joto hupanda na nyuzi za jirani nazo huanza kukatika. Likipasuka huko mbele ya Mariakani, gari likiwa limejaa watu, usukani utavutwa kushoto huku malori ya bandarini yakikupita kulia. Kiraka huziba tundu, hakiungi nyuzi. Mimi huziba tundu la msumari lisilozidi milimita 6, katika sehemu inayokanyaga lami. Ubavuni sigusi, hata mteja akiniongezea pesa.

Dereva Mstaafu:
Nakubaliana na fundi, ila muuzaji huenda amechanganya mambo mawili. Kibonyeo kinachoingia ndani kidogo mara nyingi huwa ni maungio ya nyuzi tu, wala hakina madhara. Kinachotokeza nje ndicho cha kuogopwa. Mkato nao upanue kwa vidole: ukiona nyuzi, hilo tairi limekwisha. Kisha, ili kujua umri wa tairi, tazama tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2317, kwa mfano, ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Wengi wetu hutazama mifereji peke yake, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kutazama pembe.

Mkaazi wa Kisauni:
Ahsanteni. Nyuzi zinaonekana wazi, na la kulia linasomeka 0812. Nimeyavua yote mawili, na lenye uvimbe fundi amelikata kwa kisu lisije likauzwa tena. Ijumaa tutapanda treni Miritini.