Ushauri: Nataka kuwinda elki Colorado bila kampuni, naanzia wapi?

Mnyamwezi_Ohio: Wakuu, poleni na majukumu. Naishi Columbus, Ohio. Oktoba naenda Colorado kuwinda elki, yule mnyama jamii ya kulungu ambaye dume lake linafika kilo 300. Kampuni za kuongoza wawindaji zinataka maelfu ya dola, mimi sina. Leseni niliipata Juni, ya msitu wa White River upande wa Meeker. Huko sijawahi kukanyaga. Nilale wapi, nibebe nini, na bunduki ya .308 inatosha? Usingizi umepungua kwa kuwaza. Nawasilisha.

Wa_Eldoret: .308 inatosha. Lakini kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na mimi naona ni sawa. Nyama imejaa madukani, kwa nini umfuate mnyama mlimani kwake?

Mnyamwezi_Ohio: Mkuu, nimeuliza kuhusu safari. Elki wa Colorado wanazidi 250,000, na ada za leseni ni sehemu kubwa ya pesa za uhifadhi wa huko.

Denver_Kitambo: Lala Meeker mjini kwanza, mwili uzoee hewa. Pakua onX, programu ya ramani ya simu, inaonyesha ardhi ya umma na mashamba ya watu. Ukiingia shamba la mtu bila ruhusa ni kesi. Nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa ni lazima, inchi za mraba 500, pamoja na kofia. Kama leseni ni ya dume, soma masharti ya pembe: sehemu nyingi wanataka matawi manne upande mmoja, au tawi la chini liwe na inchi tano.

Ukishaangusha ndipo kazi inaanza. Chuna mara moja na utenganishe mapaja, maana joto likibaki kwenye mfupa nyama inaoza hata kukiwa na baridi. Kielelezo cha jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha ni dume au jike, kiachwe kimeshikamana na nyama mpaka ufike. Kwa mtu mmoja ni safari nne au tano za kubeba mgongoni. Unaenda na nani?

Mnyamwezi_Ohio: Tuko wawili.

Denver_Kitambo: Wa pili ni nani? Ana leseni?

Mnyamwezi_Ohio: Ni ndugu tu. Tuendelee na vifaa, mkuu. Hema la watu wawili linatosha kwa theluji ya Oktoba?

Nesi_Dallas: Kaka, "ndugu" ana umri gani? Huko mnapanda hadi mita 3,000. Hewa inakuwa nyepesi kwa karibu theluthi moja.

Mnyamwezi_Ohio: Haya. Ni baba yangu, mzaliwa wa 1947, wa Urambo. Porini kaingia tangu ujana na gobore lake, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye asali na nyama ya huko. Anakuja Septemba kwa viza ya utalii, anarudi Oktoba 22. Nataka yeye ndiye apige, kwa leseni yangu. Presha anayo kidogo, anameza dawa. Tiketi nimeshakata na mzee ameshaaga majirani, kwa hiyo tafadhali msiniambie niache.

Kichuguu: Urambo! Babu yangu alikuwa mrina asali Ugalla, kabla haijawa hifadhi ya taifa 2019. Siku moja alifuata tandala dume toka asubuhi, jua likazama, akalala juu ya mti. Aliporudi bibi alikuwa ameshaanza kupokea rambirambi. Mkuu, mpeleke mzee. Na Colorado wana msimu wa magobore kabisa, Septemba!

Denver_Kitambo: Kichuguu, leseni za msimu huo ni za droo, yaani bahati nasibu, na droo imeshapita. Mnyamwezi, sikiliza vizuri. Leseni haihamishiki. Mzee akipiga kwa leseni yako mmevunja sheria wote wawili. Halafu mgeni wa viza ya utalii haruhusiwi hata kushika bunduki Marekani, isipokuwa awe na leseni yake halali ya uwindaji.

Mnyamwezi_Ohio: Tutakuwa msituni peke yetu. Ni risasi moja tu.

Pwani_Tulivu: Na hiyo risasi moja asome Bismillahi kabla ya kufyatua, msije mkabeba nyama kilo mia isiyolika.

Jua_Kali: Chai hii. Leseni za elki Colorado zinaanza kuuzwa Agosti, wewe ya Juni umeipata wapi? Na ubalozi gani umpe viza mzee wa umri huo aje kuwinda? Weka picha.

Kichuguu: Eeh, hata mimi nimeanza kujiuliza. Na babu yangu nimeshamtaja!

Mnyamwezi_Ohio: Baba yangu si hadithi. Viza aliomba ya kuja kuona wajukuu, na atawaona. Leseni yangu ni ya msimu wa kwanza wa bunduki. Niliomba droo Aprili, majibu yakatoka Juni. Picha ya mzee siweki hapa.

Denver_Kitambo: Hapo anasema kweli. Msimu wa kwanza ni wa droo. Za Agosti ni zile zisizo na droo, za msimu wa pili na wa tatu. Na hapo ndipo mlango wenu ulipo: mnunulie mzee yake. Aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 1949 hadaiwi cheti cha mafunzo Colorado. Msimu wa pili ni mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo sogeza tiketi.

Nesi_Dallas: Kabla ya kusogeza tiketi, apimwe moyo huko huko Tabora. Daktari akikataa, mpeleke mji wa Estes Park, huko huko Colorado, mwishoni mwa Septemba. Elki wanatembea barabarani, madume yanalia, na mzee anaona yote akiwa ameketi.

Mnyamwezi_Ohio: Kuketi na kutazama hatakubali, namjua. Apimwe, sawa. Nikisogeza tiketi nitaongezewa dola ngapi?

Jua_Kali: Piga simu shirika la ndege leo, kadiri unavyochelewa inapanda. Samahani kwa la chai, mkuu.

Denver_Kitambo: Na mzee naye anunuliwe kofia. Colorado wanakubali pinki inayong'aa pia.

Mnyamwezi_Ohio: Ya chungwa, mkuu. Namba yake ya kichwa ngoja nimuulize mama.